Barua ya Ukingo Mweusi

Maman Rolande hajawahi kushindwa kesi hata moja. Atakwambia mwenyewe, tena bila kupunguza sauti, akiwa amekaa kwenye kiti cha mwisho cha saluni ya Naïma pale Galerie d'Ixelles, Brussels, kiti ambacho ndicho ofisi yake: kesi sita, na zote sita zimepata jibu. Kisha uongo utamwasha ulimini kama pilipili, na ataanza kukuhesabia. Paka aliyepotea alirudi kwa miguu yake minne. Mume aliyepotea alipatikana kwa mke mdogo, mahali ambapo mtaa mzima ulikuwa ukimwona kila siku isipokuwa mke mkubwa. Pete ya mke wa mchungaji ilikuwa ndani ya unga. Tatu zilizobaki, polisi walizimaliza yeye akiwa bado anatafuta viatu.

Hii ya saba ilianza vibaya tangu asubuhi. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, mwaka wa tisini na tano, mvua nyembamba inanyesha barabara ya Chaussée d'Ixelles, na mteja wake alikuwa amekaa mbele ya kioo anafumuliwa nywele, hana neno jipya la kusema.

Mteja ni Riziki, Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, kitambaa chake kimekunjwa vizuri magotini. Kazi yake ilikuwa kumtunza bibi mmoja mzee, Madame Pellow, anayekaa nyuma ya Place Fernand Cocq. Jana jioni Antoine, mtoto wa kaka yake Madame, alifungua sanduku la bati lenye barua za zamani za familia, akahesabu, akakuta arobaini na mbili badala ya arobaini na tatu. Hakutafuta hata chini ya meza. Alimnyoshea Riziki kidole, akampa koti lake, akamwambia Jumatatu asubuhi anakwenda polisi kumshtaki kwa wizi.

Na Jumatano, siku mbili tu baada ya hapo, Riziki alikuwa na miadi kwenye ofisi ya wakimbizi. Miaka miwili dossier yake ya kuomba hifadhi ilikuwa imelala kule, ndiyo kwanza imeamka. Mtu anaingiaje mbele ya wale watu akiwa na mashtaka ya wizi ya juzi?

"Bon," alisema Maman Rolande. "Uniambie tena, polepole. Ile sanduku uliifungua?"

"Sikuifungua, maman. Wallahi. Nilikuwa nafuta vumbi juu yake, basi."

"Hata kuchungulia?"

"Mie Kiingereza sijui. Barua za Wazungu za zamani nifanye nazo nini?"

Jibu zuri. Lilikuwa zuri mara ya kwanza, na mara ya nne lilikuwa bado zuri vilevile, neno kwa neno. Hilo lilimkera Maman Rolande bila kujua kwa nini. Alikuwa amekaa miaka kumi na saba nyuma ya dirisha la posta ya Bukavu, na watu waliokuja kulalamika kwamba vifurushi vyao vimepotea walibadilisha hadithi kila asubuhi. Leo kifurushi kilikuwa na shati, kesho kilikuwa na shati na saa. Aliyesema maneno yaleyale kila siku alikuwa mmoja tu, na huyo kifurushi chake hakikuwahi kutumwa.

Lakini alimpenda Riziki, na Antoine hakumpenda hata kabla ya kumwona. Akavaa koti.

Naïma, mwenye saluni, Mrundi naye, alimsindikiza mpaka mlangoni akiwa na ufagio mkononi. Sakafu ya Naïma ilikuwa safi kushinda ya hospitali yoyote, maana hakuna mwanamke wa Matonge, mtaa huu wa Waafrika, aliyeacha nywele zake pale chini. Kila mmoja aliondoka na za kwake kwenye kifuko cha plastiki, asije mtu akazipeleka kwa mganga. Naïma alikuwa akinunua vifuko hivyo kwa katoni.

"Umusaidie, Maman Rolande," alinong'ona. "Binti yake alikufa kule Buyenzi mwezi wa tatu, na yeye yuko huku. Watu wengine ndo walimuzika."

Antoine alifungua mlango wa ghorofa ya pili akiwa amevaa shati zuri na viatu vibaya. Aliuliza mama huyu ni nani. Maman Rolande akasema ni mpelelezi. Antoine akauliza kibali. Maman Rolande akatoa kitambulisho chake cha posta ya Zaïre, kilichokwisha muda mwaka wa sabini na tisa, chenye picha ya yeye akiwa mwembamba na mihuri mitatu ya wino wa zambarau. Mzungu akiona mihuri mitatu hasomi tarehe. Antoine akasogea pembeni.

Madame Pellow alikuwa na miaka themanini na sita. Macho yake yalikuwa na ukungu, na miguu ilimfikisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kiti hadi kitandani. Masikio, hata hivyo, yalikuwa mazima, na mdomo ulikuwa mzima zaidi. Juu ya ukuta nyuma yake ilining'inia picha ya kuchorwa ya mtoto wa kike, miaka minne hivi, nywele rangi ya asali mbichi, kamshika bata wa mbao kwa shingo.

Ilichukua saa nzima, na Maman Rolande aliyekuja kuuliza maswali matano akaishia kusikiliza. Babu yake Madame, Josiah Pellow, alikuwa mchoraji Mwingereza aliyehamia Brussels mwaka 1858 kwa sababu London ilimshinda. Rafiki yake wa ujana, Ambrose Tarn, mchoraji pia, alibaki kulekule. Wanaume hao wawili waliandikiana mara chache, na walipoandikiana waligombana kuhusu rangi ya vivuli. Walioandikiana kweli ni wake zao, Harriet na Louisa, kila wiki mbili kwa miaka mingi. Waliambiana watoto wamekua inchi ngapi, tajiri gani kakataa picha kwa sababu mbwa wake amechorwa mnene, na namna ya kutoa mafuta ya rangi kwenye shati la mume asiyesikia. Watoto wakachora paka pembeni ya karatasi. Nyingi zilipotea. Zilibaki arobaini na tatu, na Jumanne watu wa jumba la makumbusho huko London walikuwa wanakuja kuzichukua pamoja na ile picha ukutani.

Sanduku lenyewe lilikuwa la biskuti. Ufunguo ulipotea Wajerumani walipoingia, mara ya kwanza au mara ya pili, Madame hakuwa na hakika.

Maman Rolande akakunja mikono ya sweta, akazihesabu barua kama alivyokuwa akihesabu posta, kidole gumba kikilamba sifongo ambacho hakikuwepo. Arobaini na mbili. Mama yake Madame alikuwa ameziandika namba kwa kalamu nyekundu, kutoka moja hadi arobaini na tatu, na namba iliyokosekana ni kumi na saba. Zilizobaki zote, kwenye pembe ya chini, zilikuwa na kialama kidogo cha penseli ya bluu. Nyekundu ilikuwa imefifia. Bluu ilikuwa mbichi, ilimchafua kidole.

Mtu alikuwa amezihesabu barua hizi wiki hii, moja moja, kwa kuzitia alama. Hivyo ndivyo anavyohesabu mtu anayepokea mzigo wa mwingine. Mwizi hana muda huo.

Moyo ukamchangamka. Alitaka kusema, lakini Madame alimtuma Antoine jikoni kuchemsha kahawa, na viatu vibaya vilipofika mbali akamvuta Maman Rolande kwa mkono wa sweta.

Namba kumi na saba, alisema, ndiyo barua yenyewe. Mwaka 1866 Pellow alikuwa London kiangazi, akaanza kumchora Nelly, binti wa rafiki yake, yule wa ukutani. Akarudi Brussels na picha ambayo haijaisha, kichwa bado ni chaki. Kabla ya Krismasi mtoto akafa kwa homa. Louisa, mama yake, akaandika barua kwenye karatasi ya msiba, ile yenye ukingo mweusi kama zile ambazo Wabelgiji bado wanatuma hadi leo mtu akifariki, na kwenye karatasi hiyo akashonea kwa uzi wa hariri kishungi cha nywele za mtoto. Alimwomba Harriet ampe mumewe, ili atakapomaliza picha asikosee rangi.

"Hakukosea," alisema Madame. "Bila barua hiyo, huyo pale ni mtoto yeyote mwenye bata."

Maman Rolande akauliza nani mwingine anajua kuhusu nywele. Madame akasema hakuna. Watu wa London walijua ipo barua, basi. Hakuwahi kumwambia Riziki, asimtishe. Na Antoine je? Madame akacheka bila sauti. Antoine asingekuwa na subira ya kusoma mistari miwili ya mwandiko ule, na angejua habari za nywele angeuza nywele peke yake na barua peke yake.

Jikoni kahawa ilikuwa imefurika kwenye jiko. Antoine anaifuta kwa gazeti. Dirishani kulikuwa na chungu cha begonia, ua pekee la nyumba ile, limelala upande kama mlevi. Maman Rolande akagusa udongo kwa mazoea ya mwanamke aliyelima Kivu: umelowa, tena umepanda juu ya ukingo wa chungu na kumwagika kwenye kisahani. Maji yalikuwepo, mbolea labda, na bado linakufa. Warundi na maua, akawaza, akafuta kidole kwenye sketi na kurudi kwenye jambo lake.

"Nani alizitia alama ya bluu?" akauliza.

Antoine akasema ni shangazi yake. Maman Rolande akasema shangazi yake haoni kijiko mpaka kimguse mdomo. Antoine akasema basi huenda ni Riziki. Maman Rolande akamwuliza kama Riziki alizihesabu kwanza ili ajue anaiba ngapi. Wakatazamana juu ya lile gazeti lililolowa.

Alikuwa amezipeleka Sablon, Antoine akasema hatimaye, kwa muuza vitabu vya kale, Jumatano, kujua tu ni kitu gani. Kujua si kosa. Zilirudi Alhamisi. Na kama mama angekuwa mwema asimwambie shangazi.

Mama hakuwa na mpango wa kuwa mwema. Alishuka ngazi mbili mbili, jambo ambalo magoti yake yalimkumbusha baadaye, akapanda Porte de Namur na kukata kwenda Sablon kwa miguu bila kungoja tramu. Njiani aliipanga kesi yote. Antoine anapeleka barua. Muuza vitabu anachagua iliyo bora. Antoine anarudisha zilizobaki, anahesabu mbele ya shangazi na kumtupia mgeni kosa. Ilikaa vizuri hivi kwamba alianza kuitunga hotuba atakayoitoa saluni, sehemu ya kucheka wapi, sehemu ya kunyamaza wapi.

Muuza vitabu alimwacha asimame dakika arobaini. Kwanza alikuwa na mteja. Kisha alikuwa na simu. Kisha alikuwa na karatasi moja aliyoisoma mbele nyuma kama inaandikwa upya. Maman Rolande alitazama vitabu vya ngozi ambavyo haruhusiwi kugusa, akahesabu nyufa za dari, akakumbuka watu wote aliowahi kuwangojesha dirishani Bukavu akinywa chai. Aliwaomba radhi wote, mmoja mmoja, kwa majina aliyoyakumbuka.

Mwishowe mwanaume yule alitazama mihuri mitatu, akatoa daftari, akaligeuza ili naye aone. Jumatano: barua arobaini na tatu, zimepokelewa, zimetiwa alama. Alhamisi: barua arobaini na tatu, zimerudishwa.

Maman Rolande akauliza je, kama kijana alichomoa moja kwenye tramu.

Hakuna tramu, alisema muuza vitabu. Kijana alikuwa na haraka ya kwenda kazini, na yeye hamwamini mtu mwenye haraka. Alilifunga sanduku kwa utepe wa karatasi, akaugonga muhuri wake juu, akalipeleka mwenyewe kwa gari hadi mlangoni. Lilipokelewa Alhamisi saa tano asubuhi na mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani. Mwanamke mwenye adabu. Alisaini.

Akaligeuza daftari tena. Saini ilikuwa ya polepole, herufi zimesimama wima kama watoto shuleni. Riziki.

Hivyo sanduku liliingia nyumbani kwa Madame likiwa kamili na limefungwa. Ijumaa jioni Antoine alipolifungua, hakusema habari ya utepe wowote. Na kati ya saa tano ya Alhamisi na jioni ya Ijumaa, Antoine akiwa kazini na kwake, mle ndani mlikuwa na watu wawili: mmoja asiyeona wala kutembea, na mmoja ambaye hakufungua, wallahi, hata kuchungulia.

Maman Rolande alirudi taratibu. Mvua ile nyembamba ilikuwa haijamaliza kazi. Alikuwa amevuka mji kwenda kumkamata Antoine, na sasa anarudi na kamba ya kumfungia mteja wake. Aliijaribu kesi kwa kila upande. Riziki angeuza barua kwa nani? Hajui Kiingereza, hamjui muuza vitabu, na angekuwa anataka kuiba, kabati la chumba cha kulia lilikuwa na vijiko vya fedha ambavyo Madame mwenyewe hakumbuki idadi yake. Mwizi gani anaacha vijiko na kuchukua karatasi moja, ile yenye mstari mweusi? Kila alipofika hapo alikwama, na kila alipokwama alisimama, na watu wa Chaussée d'Ixelles wenye mifuko yao ya Jumamosi wakamgonga mgongoni wakiomba msamaha.

Saluni, Naïma alikuwa amefika nusu ya kichwa. Riziki alimtazama Maman Rolande kwenye kioo, akauliza kwa macho. Maman Rolande akasema Antoine hahusiki, akaketi kwenye kiti chake, akavua viatu vilivyolowa. Habari ya daftari hakuitaja. Hakuwa na nguvu ya kulisikia lile jibu zuri kwa mara ya tano.

Akakaa hivyo, amekasirika, anamtazama Naïma akisuka. Ndipo akaona leso. Riziki alikuwa ameitandaza magotini, nyeupe, na kila unywele ulioshikwa na kitana aliuchukua kwa vidole viwili na kuulaza humo.

"Weye hautaki kifuko cha Naïma?" aliuliza.

"Hapana, maman. Siye nywele ya muntu tunaizika. Mama alitufundisha vile. Ni kipande cha muntu, haitupwe, haiwekwe mu kabati."

"Bujumbura sawa, udongo uko. Hapa unakaa étage ya nne, kule juu. Unazika wapi?"

Riziki aliikunja leso mara moja, halafu mara nyingine.

"Natafuta tu pahali," akasema.

Maman Rolande alikiangalia kidole chake. Kwenye ukucha, chini ya doa la penseli ya bluu, kulikuwa bado na mstari wa udongo mweusi, udongo uliopanda juu ya ukingo wa chungu. Udongo haupandi wenyewe. Unapanda kitu kikiwekwa chini yake.

Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na haraka ya kupata jibu. Angeweza kuvaa viatu akaenda nyumbani. Lakini Jumatatu ilikuwa Jumatatu, na barua inayolowa haingoji. Akamgeukia Naïma kama mtu anayetafuta maneno ya kupitisha muda, akatunga la uongo.

"Ile begonia ya Madame, Naïma, imekufa. Antoine ameitia mu sachet ya poubelle na chungu chake. Anaishusha chini leo jioni, gari ya takataka ikipita iichukue."

Naïma alivuta msuko, msuko ukavutika mkononi mwake, kwa sababu kichwa kilikuwa kimesimama. Riziki alikuwa wima, nusu amesukwa nusu hajasukwa, kitana kimeanguka, leso ameishika kifuani kwa mikono miwili.

"Uende umuambie asiitupe, maman."

"Ni maua tu, mutoto wangu. Imekufa."

"Si maua." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini saluni nzima ilikuwa imezima mashine za kukaushia ili isikie. "Nilimufunga mu kitambaa cheupe, na juu yake plastiki, maji isimuguse. Walimuacha bila kumuzika miaka yote ile. Mule ndani muko mutoto wa watu, ule wa mu picha."

Maman Rolande aliinama, akaanza kuvaa tena viatu vyake vilivyolowa, kimoja, halafu cha pili, akichelewa kuinua uso.

"Na sanduku," alisema, "haukuifungua."